Kopo la Uji

Jumamosi saa nne, Darasa la Nne B,
wazazi kumi na saba kwenye madawati ya watoto,
magoti yanagonga mbao.
Ubaoni bado kuna hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu,
hakuna aliyethubutu kuifuta.

Ajenda moja: hela ya uji iingie kwa njia gani.

Miaka mitatu imeingia kwenye kopo langu,
bati la maziwa ya unga,
na daftari la kaunta nililolichora mistari kwa rula ya mwanangu.
Pale Memorial, kati ya robota la mashuka na rundo la soksi,
mzazi akija na elfu tatu yake naipokea,
naandika, namrudishia chenji, namuuzia na soksi.

Leo Bwana Mmbando ana karatasi zilizopigwa chapa.
Benki, anasema. Risiti papo hapo.
Mama Anaeli anasema benki ni nusu siku,
na nusu siku ni ndoo mbili za nyanya.
Kijana wa Urassa, aliyemwakilisha baba yake,
anasema: lipa namba. Hakuna mtu kugusa hela.
Anasema hivyo bila kunitazama,
nami natazama vidole vyangu.

Makato je? Nani anayabeba?
Hapo darasa likawaka.
Elfu tatu ikiliwa mia mbili njiani,
ni vijiko vingapi vya uji?
Mtandao ukikata?
Na aliyekosea tarakimu moja,
hela ikalala kwa mtu wa Tunduma asiyemjua?
Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?
Tulicheka.
Baba Ndeshi hakucheka. Alishatuma.

Kisha kijana akageuza simu tuione:
majina ya watoto, mstari kwa mstari,
kijani aliyelipa, nyekundu ambaye bado,
na kila Ijumaa orodha inaruka yenyewe
kwa wazazi wote.
"Uwazi!" akasema Bwana Mmbando.
Wakapiga makofi.

Kopo langu lilikuwa bovu, nakiri.
Lilishika kutu ukingoni, halikutoa risiti.
Lakini lilijua kunyamaza.
Ndani ya daftari kuna nukta ya penseli
mbele ya majina manne. Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nukta ni: huyu hakuleta, kikombe chake kijazwe.
Nukta ni jozi tatu za soksi nilizouza nikasahau faida.
Mama wa Elinisafi, anayefua majumbani Shanty Town,
haijui nukta yake.
Anadhani nilikosea hesabu,
nami nimemwacha anione mjinga.

Nikanyoosha mkono:
"Hiyo rangi nyekundu, inaweza kuzimwa?"
Kijana akakuna kichwa.
"Mfumo hauna kitu hicho, mama."
Mtu akasema tupige kura, jua linapanda.

Kumi na tatu, lipa namba. Watatu, benki.
Mmoja hakunyoosha, alikuwa ananyonyesha.
Nami nilikuwa kati ya wale kumi na tatu,
maana nimechoka kuhesabu sarafu usiku,
nimechoka na minong'ono kila kopo linapolia.

Alhamisi, jiko likipoa, nikabonyeza nyota,
tarakimu, alama ya reli.
Mfumo ukataka jina la mwanafunzi.
Jina tu. Haukuuliza ni wa nani.
Nikaandika Elinisafi. Namba ya siri. Tuma.
Makato yakaja, nikayameza.
Salio lililobaki halikutosha jina la pili.

Ijumaa asubuhi orodha ikaruka.
Mstari wa kumi na moja, kijani.
Watatu, wekundu kama pilipili.
Na mume wangu, aliyeshika simu yangu akitafuta tochi,
akasimama mlangoni, akasoma ujumbe,
akausoma tena:

"Huyu Elinisafi ni nani?"