Kipimo Kilicholiwa

Daftari lilifika Wete ndani ya mfuko wa mchele,
limefungwa kwa kamba ya usumba.
Salhiya binti Shaame, mjukuu wa mwandishi, akaniambia:
"Mchwa wametutangulia. Okoa unachoweza."

Wino wa masizi, herufi za Kiarabu, maneno ya Kipemba.
Nikasoma kwa kidole, kama chuoni:
dawa ya pumu, dawa ya jicho, dawa ya mtoto asiyelala,
na deni la Ngwali, shilingi mbili na nusu, halijalipwa.

Karatasi ya arubaini na moja ina neno moja juu: Vilevyo.
Hapa mwandiko unainama, unapungua,
kama mtu anayeshusha sauti mgeni akipita barazani.

Bangi kaipa mistari mitatu, yote ya kugomba.
Kungumanga kaipa ukurasa mzima:
uji wa harusini, mlango umekomewa, wanawake watupu,
na aibu inavyoyeyuka kwenye kijiko cha tatu,
hata yule mwenye haya kuliko wote
akasimama katikati ya mkeka, akadai ngoma.
"Sikuyaona," kaandika. "Nimehadithiwa na mke wangu,
naye hakunihadithia yote."

Kisha mnanaha.
Ua jeupe linalofumbua usiku, tunda la miba;
humea jalalani, haupandwi na mtu.
Hapo mzee akaacha nathari, akashika shairi:

    Mnanaha si mchezo, wajuao huogopa
    Huondoa maelezo, na ulimi ukanepa
    Wafu waleta liwazo, wakaketi papo hapa
    Na kipimo toka mwanzo, ni mbegu

na hapo pana tundu.

Mchwa wameingia katikati ya mstari,
wakaacha pambizo safi, wakala hesabu.
Deni la Ngwali hawakuligusa.

Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Usiku ule, ndani ya boriti gani ya nyumba ya Konde,
walikusanyika wasielewane,
askari wakimwona malkia ana nyuso mbili,
vibarua wakijenga ngazi ya udongo
kuwafuata wafu wao?

Hafidhu, mtoto wa Salhiya, akanipigia kutoka Dar.
Anasomea famasia, anaandika historia ya vilevi vya visiwani.
Rafuni, anasema, ana vitabu kumi na saba:
uyoga wa watu wa milimani, mizizi ya watu wa msituni,
kila kabila na sura yake.
"Sisi tuna tanbihi. Mbili.
Na moja imekosea jina la kisiwa."
Akavuta pumzi.
"Nipe kipimo. Bila kipimo, hii ni ngano."

Nikamwambia: babu yako hakuwa mtu wa kukosa mizani.
Mizani tano hazipo, na kina ni pa.
Namba inayoishia na pa mimi siijui.
Nimejaribu *tatu kwa pupa*.
Nimejaribu *tisa na chupa*.
Zote zinaenea. Huenda zote zinaua.

Akakata simu. Au mtandao ulikata.

Siku ya nne, alfajiri, nakoroga gundi ya wanga wa muhogo,
likanijia lenyewe, limekamilika, kama limetumwa:

    ni mbegu unazotupa.

Mkono ulikuwa na kalamu. Sikuliandika.
Mimi ni mziba matundu; sikuajiriwa kuwasemea wafu.
Nimebandika karatasi nyembamba kama utando wa yai,
nyeupe, bila neno. Ukiiinulia mwangani
utaona mzee alipoishia na mchwa walipoanzia.

Salhiya alikuja kulichukua Ijumaa.
Akaunusa ule ukurasa, hakusema kitu.
Fedha hakuwa nazo zote; nyongeza ilikuwa bakuli la uji
lililofunikwa kwa kawa.
Sikuuliza umetiwa nini.
Kijiko cha kwanza nilikula nimesimama, cha pili vivyo hivyo.
Kwa cha tatu
nilikwenda kukomea mlango.