Neno au Si Neno

Kidevu nimekiweka juu ya kishikizo cha plastiki,
paji la uso limegusa mkanda wa mpira.
Nimetulia kama mtu aliyekabidhi kichwa kwa kinyozi.
Dundee, Novemba, saa kumi jioni na giza limeshakaa.
Ndoo na mopa vinaningoja nje ya mlango.

Eilidh (husomwa Eili,
ile d na ile h zimekaa tu, kama wageni wasioaga)
amekosa wasomaji wa Kiswahili wa kutosha.
Pauni kumi, amesema, na biskuti.
Likija neno, bonyeza kulia.
Lisipokuwa neno, kushoto.
Usifikiri.

Miaka tisa nafuta meza za watu wanaofikiri,
leo nalipwa nisifikiri.

KIATU. Kulia.
KATIU. Kushoto.
SUFURIA. Kulia, na kidole hakijafika
harufu ya ukoko imeshanipita puani.
BARUA. Kulia.
BALURA. Kushoto, kwa kusitasita,
maana yawezekana kuna mtu mahali anaitwa hivyo.

Tukipumzika ananiambia mambo ya jicho:
halitiririki juu ya mstari, linaruka.
Linatua, linaruka, panzi kabisa,
na likiwa hewani halioni kitu.
Na huo upofu unakwenda wapi?
Akili inautia kiraka, akasema,
usione hata mshono.

Nikamkumbuka mwalimu Chambo, darasa la kwanza B,
fimbo ubaoni, ba be bi bo bu,
watoto sitini na nne tukiimba ukuta.
Siku hizo neno lilikuwa tofali juu ya tofali.
Sasa laja zima,
kama mtu umjuaye akichomoza kwenye kona:
huanzi na pua, ukaenda sikio, ukajumlisha.

Ila hili:

HATUTAANDIKIANA

halikuja kama uso. Lilikuja kama furushi.
Nikafungua ha, pana hapana.
Tu, ni sisi.
Ta, bado haijafika.
Ndani kabisa kokwa, andika,
na mwishoni, wamefungwa pamoja, wewe na mimi.
Watu wawili na mlango uliokomewa, katika neno moja.
Mashine ikapima: sekunde moja na nusu.
Hapa mbona ulikawia? akauliza Eilidh.
Refu, nikamjibu.

Kisha, kati ya maneno mia na sitini,
likatokea

HOFUSHI

na mkono wangu ukaenda kulia wenyewe.
Msalaba mwekundu. Kosa.

Kompyuta ililitunga kwa kuchanganya silabi, yaani bahati tu.
Lakini mwanangu Shekue, miaka minne,
baridi yetu ya kwanza, kituo cha basi cha Hawkhill,
aliona pumzi yake ikitoka mdomoni, nyeupe,
akanishika koti: Mama, hofushi!
Hofu na moshi, nadhani. Hakunieleza.
Majira matatu ya baridi tulilitumia.
Leo ana kumi na tatu, ananijibu Kidundee
akiwa ndani ya kofia ya sweta, na neno lile
ukimtajia anageuza macho.

Sikumwambia Eilidh. Angeliandika kwenye safu ya makosa
na maelezo pembeni, au angelifuta, maskini,
na hesabu zake zikaharibika.
Nikachukua pauni zangu. Biskuti nilikula mbili.

Saa mbili usiku. Nimesimamisha kile kibao cha njano,
nikakisoma. Nimekiweka mwenyewe
usiku elfu mbili na zaidi, najua kinasema nini,
na bado sikuweza kutokukisoma.

Chumba cha mwisho, ubao mweupe umejaa mishale,
na pembeni, kwa Kiingereza, herufi kubwa,
wametuandikia sisi wa usiku: msifute.
Kalamu ilikuwa wazi, inakauka.
Nikaandika chini yake, kwa herufi ndogo,
hofushi,
nikaifunika kalamu,
nikazima taa.