Mvua Inaingia Wapi

Ambokile dalali alikuja na viatu vyenye tope la nyumba nyingine,
akazunguka uwanja mara mbili, akauliza kwanza kuhusu kaburi.
Hakuna, nikamwambia. Baba yuko Masoko, kwa ndugu zake.
"Afadhali," akasema,
kisha akaona haya, akaanza kuisifu migomba.

"Kizuri chajiuza."
Nikamuuliza: basi wewe asilimia kumi ya nini?
Akacheka, akanihesabia kazi:
masizi ya jikoni yatoke, kalenda za kanisa zishuke,
picha za mahafali ziingie sandukuni,
"mnunuzi anataka kuwaona watoto wake ukutani, si ninyi."
Na lile doa la chumba cha kati lifunikwe
kabla ya Jumamosi.

Siku nne nilikuwa na msasa na brashi.
Tukuyu haikaushi rangi kwa hiari:
unapaka asubuhi, jioni ukuta bado unatoka jasho,
na ukungu umeshuka kutoka Rungwe ukakaa dirishani
kama jirani aliyekuja kuazima chumvi akasahau kuondoka.
Nikaweka jiko la mkaa katikati ya kila chumba,
nikaukausha ukuta kama mtoto aliyenyeshewa.
Sakafu nikaisugua nta nyekundu kwa magoti.
Mlango uliokuwa ukilia usiku
(kwa mlio wake tulijua nani kachelewa kurudi)
nikautia mafuta, ukanyamaza.
Sikujua kama bawaba inaweza kumuumiza mtu.

Doa nililipaka mara tatu.
Lilikuwa na umbo la ndama aliyelala.
Chini yake, miaka ishirini na sita, ilikaa ndoo ya bati,
na mama aliijua mvua kwa sauti yake:
tii, tii, ni ya kupita;
tang', tang', anueni kahawa;
na ikinyamaza, imejaa, amka wewe uliye karibu.
Ndoo nikaificha nyuma ya banda la kuni.

Ijumaa usiku nikampigia mama, yuko kwangu Uyole.
Nikamweleza rangi, nikamweleza taa mpya ya barazani.
Akasikiliza hadi mwisho.
"Umempaka poda mgonjwa wa homa," akasema.
"Na ndoo je?"

Jumamosi jua lilitoka, kwa rushwa nadhani.
Nikachemsha chai ya tangawizi, nyumba inukie watu,
ndivyo alivyoagiza Ambokile.
Wakaja wawili: Lwitiko, aliyeupima uwanja kwa hatua
na kuuliza habari za hati,
na mkewe Sekela, nesi wa Makandana,
ambaye hakuigusa chai.
Aliingia jikoni, akafungua kabati, akanusa.
Akafika chumba cha kati, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama anayesikiliza kifua.
"Rangi mpya," akasema.
Kisha, bila ukali: "Mvua inaingia wapi?
Mimi mtu wa Kiwira. Usiniambie haiingii."

Ambokile akakohoa.
Nilikuwa na jibu tayari, zuri, la uongo,
limepakwa mara tatu.

Nikatoka nyuma, nikaleta ndoo.
Nikaiweka mahali pake hasa,
pale saruji ilipolika duara.
Nikamwambia tii, nikamwambia tang',
nikamwambia ikinyamaza aamke.

Akainama, akaitazama ndoo kwa muda mrefu
kuliko alivyoitazama nyumba nzima.
"Punguza bei ya bati nne," akasema, "na misumari yake.
Ndoo inabaki."

Jumatatu tuliandikishana.
Ambokile sasa anasimulia kila kijiwe
kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Jumanne usiku, Uyole, mvua ilipiga bati langu jipya
lisilovuja popote.
Mama akaketi kitandani gizani, akasikiliza.
"Imejaa," akasema. "Wameamka?"