Mizani ya Mutuini

Dalali alirudi Jumanne, viatu vikimeta,
akasimama kwenye tope langu kama aliyeazimwa miguu.
Robo ekari hii, akasema, ni pesa iliyolala.
Basi iache ilale, nikamwambia. Wewe uliyeamka, nenda.
Nikawasha mtambo wa kusaga, sikumsikia tena.

Kibe, ndugu yangu, huniuliza kwa simu
kutoka ghorofa ya sita kule Pipeline,
anakomjua jirani kwa kikohozi tu:
Unangoja nini huko? Hata maji mnayavizia.
Ningemjibu vizuri kama ningejua.
Husema, hapa ni kwetu,
halafu naona jibu limerudi nyuma
kama sweta iliyofuliwa kwa maji moto.

Maana si uzuri. Tusidanganyane.
Mvua ya Aprili ikishika, njia ya Dagoretti
hula kiatu cha kushoto na kukilamba cha kulia.
Stima ikipotea, mahindi ya watu hupanga foleni siku mbili.
Na siri hapa haimalizi wiki:
mimba ya Nyagaki niliisikia
kabla yake mwenyewe.

Lakini mizani yangu ina kasoro.
Huzidisha robo kilo,
tangu siku marehemu alipoiangusha akiipakua mkokoteni,
na kila mteja anajua,
na kila mteja huipunguza kichwani mwake, kimya,
kabla hajafungua kibeti.
Mama Wakonyu huniangalia, namwangalia,
tunacheka kidogo, basi.
Fundi alitaka kuja kuinyoosha. Nikamwambia kesho.
Kesho hiyo sasa ina miaka tisa.

Nikihamia penye lami, nani atanipunguzia?
Nani atajua kwamba namba ile si wizi,
ni kilema tu,
na kilema chenyewe kina jina la mtu?

Jioni masikio huendelea kuvuma peke yake.
Nakung'uta unga kwenye nyusi, natoka nje.
Ng'ambo ya bonde taa za mjini zimesimama wima,
kila moja na mlango wake na kufuli lake.
Kwa karatasi za kaunti, hata hapa niliposimama ni Nairobi.
Ila sisi tukipanda gari tunaaga: naenda Nairobi.
Na tukirudi, tunasema tumefika.

Jana Kibe alipiga tena. Sikushika.
Nilikuwa na mtoto mlangoni, giza limeshaingia,
kopo la mahindi kifuani, kamasi imekauka.
Mama amesema atalipa, akasema.
Sikumuuliza mama yupi.
Mtambo nilikuwa nimeuzima, bado una moto;
nikauwasha upya
kwa ajili ya kopo moja.