Pengo

Chivay, saa mbili usiku. Nilda Ccahuana
kajifunika blanketi la alpaka, kompyuta magotini.
Antena ya mlimani inadai
volkano imeinuka sentimita nne tangu adhuhuri.

Haamini. Mlima hauna pupa hiyo.

Mawimbi mawili yalitoka setilaiti moja, sekunde ileile.
La masafa ya chini limechelewa zaidi,
likikwamakwama kwenye elektroni
ambazo jua limezama likaziacha juu
bila kuzizima.
Pengo kati yao ndilo shahidi:
analipima, analizidisha, anatoa.

Zinabaki milimita tatu.

Babake yuko mlangoni, na bakuli la supu ya viazi.
“Umehama?”
“Iliyohama ni anga, baba.”

Nne anazifuta.
Zile tatu anaziandika kwa wino,
supu ikipoa.