Anwani ya Muri

Heldur alipostaafu alituachia kikombe,
koti la sufu lenye tundu kiwikoni,
na huduma kumi na nne zenye majina ya mbwa wake.

Muri ilijibu saa ya jua kuchomoza.
Pontu ilijibu kina cha theluji barabarani.
Tuks, ukiiuliza kwa adabu,
ilikupa orodha ya madaraja yaliyofungwa;
usipoiuliza kwa adabu ilinyamaza,
kama Tuks mwenyewe, alisema Heldur,
aliyekuwa haamki bila soseji.

Tartu, Januari. Saa kumi jioni na giza limeshakaa.
Nimepewa wiki mbili kuzibatiza upya.
Mwongozo niliuandika mwenyewe, kurasa sita:
jina liseme kazi;
herufi ndogo tupu, kistari mahali pa nafasi;
nomino, si kitenzi;
namba ya toleo itangulie,
ili kesho isigombane na jana.
Muri ikawa /v2/jua/macheo.
Nikaisoma kwa sauti, peke yangu, mara mbili.
Jina jema hung'ara gizani,
na hilo lilikuwa linang'ara.

Tuliowajua niliwaandikia wote:
shule, gazeti, kampuni ya mabasi,
mzee wa darubini kule Tõravere.
Tumehama, wakajibu. Asante, Urve.
Jumatatu nikaufunga mlango wa zamani.

Kitu kikabaki kinabisha.

Nilikiona kwenye rekodi za seva, mstari juu ya mstari,
kila dakika tano tangu alfajiri:
Muri?
Mia nne na nne, seva ikajibu,
ndivyo tunavyosema hayupo.
Muri?
Mia nne na nne.
Jumanne vilevile. Jumatano vilevile.
Hakina jina, hakina barua pepe,
kina laini ya simu tu,
iliyosajiliwa kwa kijana aitwaye Kaarel,
naye siku hizi anaunganisha vyuma vya meli Turku.

Nikampigia. Alinyamaza kidogo.
Kisha akacheka mpaka akakohoa.
«Hilo ni banda la kuku la bibi yangu.»

Huko Haanja, vilimani,
kabla hajavuka kwenda Ufini,
alimtengenezea bibi mlango wa mota ndogo
unaouliza jua litatoka saa ngapi,
kisha unapanda wenyewe.
Anwani aliichoma ndani ya chipu,
akaifunika kwa gundi, unyevu usiingie.

Likiwika lisiwike, kutakucha:
tulifundishwa hivyo, na ni kweli.
Ila kukicha ni jambo moja
na kufunguliwa ni jingine.
Jogoo la shamba haliwiki mjini, husemwa;
hili halikuhitaji kuja mjini,
lilikaa shamba, gizani, limevimbisha kifua,
likingoja ruhusa yangu.

Bibi Leida hakunigombeza.
«Siku tatu nawafungulia kwa mkono,» alisema.
«Barafu imefika mlangoni, nakwenda kwa ndoo mbili za majivu,
namwaga, nakanyaga, namwaga.
Nilidhani jua ndilo limeharibika.»
Halafu: «Huyo Muri ni nani?»
«Mbwa.»
«Wa nani?»
«Wa mtu aliyestaafu.»
Nikasikia birika lake likianza kulia.
«Basi mbwa wa mtu, mwanangu,
humpi jina jingine uzeeni.
Utamwita, hatageuka.»

Nilirudisha mstari mmoja.
Anayemuuliza Muri aelekezwe kwenye macheo,
bila kuambiwa kwamba amepotea.
Kando yake nikaacha maelezo kwa atakayenirithi:
usifute. kuku. Haanja.

Meneja ameuliza mwongozo umepataje ukurasa wa saba,
na kwa nini una sentensi moja tu.
Nikamwonyesha rekodi ya leo.
Saa tatu kasoro dakika kumi na moja: Muri?
Mia mbili.
Baada ya hapo, mpaka jioni,
hakuna aliyebisha tena.