Kuanika na Kuanua

Nimeanika saa mbili na robo.
Saa mbili na nusu nimeanua.
Saa tatu kasoro jua likatoka, jeupe, lisilo na haya,
likakaa juu ya mapaa kama mgeni aliyekwisha kunywa chai
na bado haagi.
Nikaanika tena.

Huu ni Blaenau, mji wa jiwe la kijivu
lipasukalo kurasa kurasa kama daftari lililolowa.
Vifusi vya machimbo vimetuzunguka,
na mawingu hayaji kutoka popote, yanaishi hapa,
yana anwani, nadhani hata kodi yanalipa.

Mwanzoni niliiita mvua kwa majina niliyokuja nayo.
Nikasema hii ni vuli, itapita.
Nikasema hii ni masika, na masika ina mwisho,
hata mahindi yanajua.
Kisha Mei ikaleta mvua ya mawe asubuhi,
adhuhuri joto la kuvua sweta,
alasiri ukungu ukala kanisa, ukala duka la chipsi,
ukabakiza taa moja ya barabarani
na sauti ya kondoo.
Nikaacha kuita majina. Nikanunua vibanio vya plastiki,
maana vya mbao vilikuwa vimeota kuvu.

Juu ya kabati ukutani kuna kuvu pia.
Mwanaidi anasema ni twiga.
Baba yake anasema ni mwenye nyumba.
Naifuta kwa siki kila Jumamosi;
Jumatano imerudi, na shingo imerefuka.

Ng'ambo ya ukuta wa uani yupo Eluned,
miaka sabini na tisa, mabuti ya mpira,
huisikia mvua magotini kabla haijafika kilimani.
Kwa lugha yao, aliniambia, mvua ikizidi
husemwa inanyesha vikongwe na bakora.
Nilicheka hadi kibanio kikanitoka mdomoni.
"Basi leo," nikamwambia, "umenyesha wewe."

Siku ile zamu ilirefuka kwenye nyumba ya wazee,
nikarudi nimelowa hadi mfupani,
kamba tupu.
Nguo zangu zilikuwa jikoni kwake, zimekunjwa,
soksi zimeozwa kila moja na mwenzake,
na juu kabisa kanga yangu nyekundu,
ile aliyoninunulia shangazi enzi za ugomvi
na jirani mwingine, mbali na hapa:
YA KWANGU YAKUHUSUNI.

Akazipapasa herufi kwa kidole.
"Haya maandishi yanasema nini?"
Birika linalia. Dirisha linatiririka.
"Yanasema," nikajibu, "mvua haina adui."
Akaitikia kwa kichwa, akaomba nimwandikie.
Mpaka leo karatasi iko kwenye friji yake
chini ya sumaku yenye picha ya treni,
uongo wangu wa kwanza kwa Kiswahili katika nchi hii.

Siku nyingine naona haya.
Siku nyingine naona kanga ndiyo iliyodanganya.
Kwani nini hakimhusu? Anatujua kwa kamba.
Shati jipya la bluu: Shomari amepata kazi.
Sketi ya shule imeshushwa upindo: mtoto amekua.
Na ile wiki ya Februari ambayo sikufua kitu
alining'iniza mkate wa zabibu kwenye kitasa,
mfuko umefungwa mafundo mawili kwa ajili ya mvua.
Hakubisha hodi.

Leo ni Oktoba. Upepo umegeuka, unanuka manyoya na chuma.
Nimeanika kwa ukaidi, nusu kamba tu.
Eluned ana neno moja la Kiswahili.
Si jambo, wala si asante.
Nalisikia hilo, limevuka ukuta bila kuangusha silabi:
"Anua!"

Natoka na malapa, tone la kwanza kwenye kope,
navuta shuka, navuta sketi, vibanio vinaruka,
na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena
napanda ukuta,
naanua na zake.